Kipande cha Boksi Shingoni mwa Bibi

Baada ya kumzika Bibi, shangazi alikaa chumbani mwa marehemu akaanza kugawa vitu. Vitenge kwa wakwe, rozari kwa huyu, shuka kwa yule. Mimi nilipewa mkoba mweusi uliochakaa, kwa kuwa ndimi niliyemnunulia. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki, picha ndogo ya marehemu babu, vifungo vya shati, na kipande cha boksi la sabuni kilichotobolewa matundu mawili na kufungwa kamba ya katani. Wino ulikuwa umefifia lakini bado ulisomeka. NIMEONGEA KILUGHA.

“Hii nayo ni nini?” shangazi akauliza.

“Sijui,” nikasema.

Nilijua. Niliyaandika mimi maneno yale, nikiwa na miaka minane, kwa kalamu nyekundu niliyoichomoa kwenye mfuko wa shati la baba. Bibi hakuwa mtu wa kutupa kitu, alitunza hata mifuko ya sukari, kwa hiyo sitaki kujipa umuhimu na kudhani alikiweka kwa ajili yangu. Ila tangu siku ile nimeshindwa kuendelea kuyakalia kimya mambo haya. Wenzangu mliokua Bukoba wakati ule, wakati kila mzazi alitaka mtoto wa Kiswahili kilichonyooka, nadhani mtanielewa.

Tulikaa Rwamishenye, nyumba ya vyumba vitatu yenye migomba michache nyuma. Baba alikuwa karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mama alishona nguo barazani. Mimi nilikuwa wa kwanza, na mdogo wangu Evodi alikuwa wa pili na wa mwisho.

Evodi alikuwa na miaka minne na hasemi. Alipokuwa mdogo zaidi alikuwa na maneno mawili matatu, halafu yakapotea, mtu asijue yamekwenda wapi. Ukimwita jina hageuki, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja. Alipanga vizibo vya soda kwenye kizingiti cha mlango, mstari mmoja ulionyooka, na ukisogeza kimoja tu alipiga kelele mpaka jirani anatoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Mashine ya kusaga ikiwashwa huko mtaa wa pili, aliziba masikio na kuingia uvunguni. Wageni wakija hakuwaamkia. Kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa anamwaibisha mama yake, na mama aliaibika sana. Wengine walisema ni bubu, wengine walisema amedekezwa, na mama mmoja wa jumuiya alisema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, kwamba labda kuna mkono wa mtu.

Mahali alipokuwa na amani ni Muleba, kwa Bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa na shamba la migomba na kahawa, na kahawa ikishavunwa aliianika uani kwenye mikeka. Kazi yetu ya likizo ilikuwa kuigeuza ipate jua na kuichambua, mbovu na vijiti vitoke. Mimi kazi hiyo iliniudhi. Evodi alikaa na Bibi kwenye mkeka tangu asubuhi, akipanga buni mstari kwa mstari, na Bibi hakuivuruga mistari yake hata siku moja. Aliizunguka tu kwa mikono, akachambua pembeni.

Na aliongea. Bibi aliongea muda wote, kwa Kihaya, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye kazini. Hakumuuliza Evodi maswali, wala hakumwambia sema hiki, sema kile. Alitaja tu anachokiona. “Umeweka nyeusi. Sasa umeweka nyekundu. Yule kuku anatutazama. Mvua iko kule ziwani, haijafika.” Halafu ananyamaza kidogo, kama mtu anayesogea kwenye benchi ili mwingine apate pa kukaa, kisha anaendelea. Mara nyingine katika ile nafasi Evodi alitoa sauti, “mmh”, yenye kupanda mwishoni, na Bibi alimjibu kama vile ameambiwa jambo la maana. “Ego, hata mimi nimemwona.” Ego ni ndiyo kwa Kihaya. Mwisho wa likizo moja Bibi alimwambia baba kwamba mtoto naye amesema ego, mara mbili. Baba akacheka. “Mae,” akamwambia mama yake, “umri huo mtu anasikia anachokitaka.”

Muda mfupi baadaye wazazi wangu walimpeleka Evodi kwa mtaalamu aliyekuwa akipita mjini kuona watoto. Sitasema alitoka wapi, na kwa kweli hata sijui. Mama alinisimulia baadaye kwamba mazungumzo yalikuwa mafupi. Aliwauliza nyumbani wanaongea lugha gani, wakamwambia Kihaya na Kiswahili.

“Hapo ndipo penye tatizo,” akasema. “Mnamchanganya mtoto. Chagueni moja. Na kwa kuwa ataenda shule, iwe Kiswahili.”

Baba yangu hakuwa mjinga, lakini alipenda sana ushauri ambao mtu anaweza kuanza kuutekeleza siku hiyohiyo. Jioni, kabla hatujanawa mikono, alitangaza kwamba kuanzia sasa Kihaya hakiingii tena ndani ya nyumba ile, mpaka Evodi aongee. Mama aliitikia kwa kichwa. Nilifurahi, kwa sababu Kiswahili nilikuwa nakijua kuliko wao wawili, na nilikuwa kiranja wa darasa.

Nyumba ilibadilika, na siwezi kusema ilibadilika kwa uzuri. Mama alikuwa na Kiswahili cha shule na cha wateja. Kufoka, kutania, kubembeleza, vyote alikuwa akivifanya kwa Kihaya, na sasa hakuwa na cha kuweka badala yake. “Evodi, tafadhali njoo unawe mikono,” alisema, na ilisikika kama tangazo la benki. Wimbo wa kumlaza aliuondoa maneno, akabaki kuuimba kwa mguno tu. Baba naye aligeuka mwalimu. Akirudi kazini anavuta kigoda, anashika kijiko mbele ya uso wa mtoto. “Hiki ni nini? Hiki ni kijiko. Sema kijiko. Evodi, nitazame mimi. Kijiko.” Evodi alitazama jinsi mwanga unavyocheza kwenye kijiko. Wakitaka kuambiana jambo la maana, baba na mama walitoka nyuma ya nyumba wakasimama kwenye migomba, wakaongea Kihaya kwa kunong'ona kama watu wanaovuta bangi.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Shuleni walikuwa wamekuja kutupa dawa ya minyoo, na mwalimu alitueleza kwamba minyoo hukaa tumboni ikala chakula chetu, ndiyo maana mtu anakonda na huku anakula. Nikaelewa kila kitu. Ndani ya Evodi kulikuwa na maneno ya Kihaya, na yalikuwa yanakula ya Kiswahili kila yalipoingia. Tukiyanyima chakula yatakufa, na siku moja atafungua mdomo aongee. Niliamini hivyo kabisa, na ukiniuliza leo ni nani katika nyumba ile aliyemtakia Evodi mema kwa nguvu zake zote, nitajitaja bila haya.

Kwa hiyo nikaanza kulinda. Shuleni kwetu palikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Ukikutwa unaongea kilugha unavishwa, unakaa nacho mpaka umkamate mwingine. Wenye umri wangu wengi mmekivaa. Nilitengeneza cha nyumbani kwa boksi la sabuni. Mama alikuwa wa kwanza kukivaa, alipojidunga sindano ya cherehani akamwita mama yake kwa Kihaya. Alicheka, akashona nacho shingoni mpaka jioni. Baba alikivaa mara moja, akasema mtoto huyu atakuja kuwa hakimu. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kisha Bibi akaja. Mama alikuwa amepata kazi kubwa ya sare za shule, akahitaji mtu wa kukaa na Evodi, na Bibi akafunga nyumba yake akatufuata na furushi la buni ambazo hazijachambuliwa, ili asikae bure. Baba alimpeleka kwenye migomba akamweleza sheria. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona Bibi akisikiliza huku ametazama chini, akauliza kitu kimoja, baba akajibu, Bibi akaitikia kwa kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni: asante, karibu, bei gani, tumwombe Mungu.

Alijitahidi siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta uani kwenye mkeka na Evodi, anachambua na kusema taratibu, kwa Kihaya, vilevile kama Muleba. Na Evodi alikuwa anamjibu. Ile “mmh” yake ilikuwa imerudi, hatukuwa tumeisikia kwa miezi. Mtu mzima angesimama hapo akasikiliza. Mimi nilikimbia ndani nikachukua kipande changu cha boksi, nikamvisha.

Bibi alikigusa. Alikuwa daima amevaa skapulari na medali ya Bikira Maria, na macho yake hayakuona tena vizuri vitu vya karibu. Akaona mjukuu kamletea kitu kitakatifu cha kuvaa. Akakibusu, akakiingiza ndani ya blauzi pamoja na medali. “Wakora, bojo,” akanishukuru, asante mwanangu.

“Umeongea tena,” nikamwambia. “Hicho ni cha watu wanaoongea Kihaya.”

Sidhani alielewa. Alikivaa siku nzima, akaenda nacho dukani, akaongea na majirani akiwa nacho. Jioni alikitoa akamwonyesha mama, akamuuliza kimeandikwa nini. Mama alikuwa mkwe wake, na mkwe hawezi kumdanganya mama mkwe wala hawezi kumwambia jambo kama lile. Alisimama pale na pasi mkononi. Mwishowe akamsomea. Bibi akauliza ni nani kaandika, na mama akanitazama. Bibi akakikunja mara moja, akakitia mfukoni mwa sketi, akaendelea kumenya ndizi.

Kuanzia hapo alinyamaza. Hakununa, maana mtu aliyenuna unamjua. Alikuwa mpole, alifanya kazi zote, akajibu ndiyo na hapana. Kwenye mkeka alichambua buni kimya, Evodi akapanga mistari yake kimya. Mimi niliridhika. Niliona sasa dawa inafanya kazi.

Siku ya nne au ya tano ya ukimya huo nilikuwa nimekaa kizingitini nafanya hesabu. Evodi aliacha mistari yake. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Akatambaa mpaka mapajani kwa Bibi, yeye ambaye hakupenda kushikwa, akapanda, akamtazama mdomo. Akaweka vidole vyake kwenye midomo ya Bibi akaivuta. Akaifungua, akaiachia. Akaifungua tena. Alikuwa hajawahi kumwomba mtu kitu kwa namna hiyo. Akitaka maji alikuvuta mkono bila kukutazama, kana kwamba mkono ni chombo tu. Sasa alikuwa anamtazama mtu usoni na kumwomba, na alichokuwa anaomba ni sauti yake.

Bibi hakumtoa vidole. Aligeuza macho akanitazama mimi. Alikuwa na miaka sabini na kitu, amezaa watoto saba na kuwazika wawili, na aliniuliza kwa macho mimi mtoto wa darasa la pili kama anaweza kuongea na mjukuu wake.

Nikatikisa kichwa kukataa.

Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara tatu. Inabaki, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Bibi akashusha mikono ya Evodi polepole, akaishika. Evodi akalia, si kile kilio chake cha vizibo, kilio cha mtoto wa kawaida aliyenyimwa. Kesho yake Bibi alisema kahawa yake itaharibika kule, akarudi Muleba.

Tuliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Evodi hakusema kijiko, na ile “mmh” nayo ikaisha. Alianza kujigonga kichwa ukutani. Hatimaye mtu alimwelekeza mama kwa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, kwenye shule moja upande wa Kashozi. Siku hiyo tulikwenda wote. Mwalimu alikuwa mama mnene, asiye na haraka, aliyekaa sakafuni na Evodi nusu saa nzima kabla ya kutuuliza chochote.

“Amewahi kuzoeana na mtu?” akauliza. “Mtu ambaye akiwa naye hutoa sauti?”

“Bibi yake,” mama akasema.

“Bibi anatumia lugha gani?”

Mama akamtazama baba. “Kihaya,” baba akasema. “Lakini tulimkataza. Tuliambiwa lugha mbili zinamchanganya.”

Mwalimu aliweka kalamu chini. “Watu wengi wanasema hivyo, na si kweli. Mtoto wenu ana usonji. Alizaliwa nao, hakuuokota kwenye Kihaya. Ongeeni naye kwa lugha inayowatoka bila kufikiri, na mumwachie nafasi ya kujibu. Huyo bibi alikuwa anafanya kazi yangu, nanyi mkamfukuza.”

Mama alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Baba alibaki anaizungusha kofia yake mikononi, akasema, “Mwaka mzima,” akarudia tena. Mimi nilikuwa nangoja mtu aseme kwamba si kosa langu. Hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananifikiria.

Jumamosi tukaenda Muleba. Bibi alikuwa uani, amevaa kitenge kizuri. Akamkaribia Evodi, akasimama hatua mbili kutoka kwake, akasema kwa Kiswahili safi, na lafudhi ya mtangazaji wa redio, “Karibu, Evodi. Habari za safari? Mimi ni bibi yako. Nimefurahi sana kukuona.” Tukaja kujua kwamba miezi yote ile alikuwa akisikiliza redio na kuwalipa watoto wa jirani kwa ndizi mbivu ili wamfundishe. Evodi alimpita akaenda kwenye mikeka. Bibi akamfuata. “Hii ni kahawa,” akasema nyuma yake. “Huyu ni kuku. Huu ni mkeka.”

Baba alishindwa kuvumilia. Akamshika mkono, akamwambia kwa Kihaya kwamba walikosea, kwamba aongee naye anavyotaka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimsikia baba akimwomba mtu radhi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akageuka kwangu.

“Na wewe unasemaje?” akaniuliza, kwa Kiswahili.

Wakubwa wakacheka, wakidhani ananitania. “Unaruhusiwa,” nikasema. Nilikuwa na miaka tisa na hilo ndilo neno nililolijua.

“Asante,” akasema Bibi.

Haikuwa muujiza. Evodi alimkaribia siku ya pili, akamjibu kwa sauti baada ya wiki mbili, na mama akakubali abaki kule likizo yote, na likizo zilizofuata. Neno lake la kwanza ambalo sote tulilisikia alimwambia kuku aliyekanyaga mistari yake ya buni: “Leka.” Acha. Kisha yakaja mengine, polepole, ya Kihaya kwanza, na ya Kiswahili yakafuata yenyewe bila kufundishwa na mtu, mengi yakiwa matangazo ya redio. Leo Evodi ni mtu mzima anayeishi Muleba. Hakuamkii mpaka umwamkie wewe, na kukiwa na kelele anaondoka bila kuaga. Lakini anaanika kahawa kuliko mtu yeyote ninayemjua, na ukikaa kimya karibu naye muda wa kutosha atakuambia jambo.

Kilichobaki ni changu mimi. Tangu siku ile ya “unaruhusiwa”, Bibi aliongea Kihaya na kila mtu. Mimi aliniongelesha Kiswahili. Mwanzoni niliona ananiringishia alichojifunza. Nilipokuwa sekondari nilimwamkia kwa Kihaya, akanijibu kwa Kiswahili, kwa upole, kama anavyojibiwa bwana afya. Nilimweleza mama, akasema, “Bibi anakuheshimu tu.” Nilipoanza kazi nilimnunulia mkoba, nikapiga magoti mbele yake nikamwomba msamaha kwa Kihaya, kwa maneno niliyoyapanga njiani kutoka Bukoba. Alinishika kichwa. “Kosa gani, mwanangu?” akasema. “Wewe ulikuwa mtoto.” Kwa Kiswahili. Hakuwa analipiza, nina hakika na hilo. Alikuwa tu ameshazoea kuwa mwangalifu nikiwa karibu.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, mchana, dirisha liko wazi. Evodi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda amempa mgongo, ndivyo anavyomsikiliza mtu anayempenda. Bibi alikuwa anamsimulia, kwa Kihaya, pumzi ikimwishia kati ya maneno, habari ya kisima ambacho babu alichimba mahali pasipo na maji. Evodi aliitikia kila mara, “Ego. Ego.” Nilisimama mlangoni, sikutaka anione. Nilitaka asimulie mpaka mwisho.

Akaniona. Akakatiza habari, akajiinua kidogo kwenye mto, akarekebisha kitambaa kichwani.

“Karibu ndani,” akaniambia kwa Kiswahili. “Kiti kile pale.”